Je, sumaku ya ubongo inaweza kumtoa mdogo wangu kwenye unga?

Swali: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31 na ametumia unga kwa karibu miaka tisa. Huu ni mwezi wa nane anakwenda kunywa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, kila asubuhi. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imemwacha, mwili umerudi kidogo, na nyumbani hatufichi tena simu. Hata hivyo, mara mbili tatu kwa mwezi bado anateleza. Binamu yetu aliyeko Muscat ametutumia video ya kliniki moja ya nje, ambapo mgonjwa anavishwa kitu kama kofia yenye sumaku, na wanasema uraibu unakwisha kwa wiki tatu bila dawa yoyote. Sharti lao ni kwamba mgonjwa aache kwanza methadoni. Mama anataka tuuze kiwanja chetu cha Chanika tumpeleke. Je, tiba hii ni ya kweli? Dada mtu, Mbagala, Dar es Salaam.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: mdogo wako asiache methadoni kwa ajili ya mashine hiyo, wala mashine nyingine yoyote. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali zilizofuatilia watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni. Walipokuwa ndani ya tiba, walikufa takribani watu 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipotoka nje ya tiba, idadi hiyo ilifika 36, na wiki nne za mwanzo baada ya kuacha ndizo zilizokuwa na hatari kubwa zaidi. Sababu yake inaeleweka. Mwili uliokwisha kupoteza uzoefu wa dozi kubwa unarudi mtaani na kununua kete ileile ya zamani, na pumzi inakatika usingizini. Kliniki inayomtaka mgonjwa wa heroini aache methadoni ili apokee tiba ambayo kwa heroini bado iko katika majaribio, inamtaka avunje daraja alilosimama juu yake.

Baada ya kusema hayo, ni haki yako kujua kwamba tiba yenyewe si uganga wala utapeli. Mashine ipo, inafanya kazi kwa kanuni za fizikia zinazofahamika tangu Michael Faraday alipozionyesha mwaka 1831, na hospitali nyingi duniani zinaitumia kutibu sonona, matumizi ambayo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliyatolea kibali mwaka 2008. Shida ni umbali uliopo kati ya yale ambayo mashine imethibitishwa kuyafanya na yale ambayo video inayatangaza.

Kanuni yake ni hii. Umeme unaobadilika ghafla ndani ya waya uliosokotwa huzalisha uga wa sumaku, na uga huo ukikutana na kitu kingine kinachopitisha umeme, nacho huzalishiwa mkondo wa umeme. Ubongo unapitisha umeme. Fuvu haliuzuii uga wa sumaku, kwa hiyo hapana haja ya kupasua wala kunyoa nywele. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwa mara ya kwanza kwamba koili, yaani waya huo uliosokotwa, iliyowekwa juu ya kichwa cha mtu aliye macho inaweza kuamsha ubongo wake kutoka nje. Kila pigo la sumaku huchukua muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na nguvu yake karibu na koili hulingana na ile ya mashine za kupigia picha za MRI, lakini hupungua upesi sana. Koili ya kawaida yenye umbo la namba nane hufikia kina cha sentimita mbili au tatu tu.

Tafadhali msiichanganye na ile tiba ya shoti ya umeme ambayo watu wengi wameisikia ikisimuliwa kwa hofu. Katika tiba ya shoti mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, na degedege huletwa kwa makusudi kwa sababu ndiyo inayotibu. Katika tiba ya sumaku mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, na degedege ikitokea ni ajali.

Siku ya kwanza ina jambo moja ambalo kila aliyewahi kulishuhudia hulikumbuka. Kabla ya tiba, mtaalamu hutafuta nguvu inayomtosha mgonjwa huyo, kwa sababu mafuvu hayalingani. Huishika koili juu kidogo ya sikio, karibu na utosi, mahali panapoongoza misuli ya mkono, na kuachilia pigo moja moja huku akiisogeza kwa nusu sentimita. Mara, dole gumba la mkono wa upande wa pili linaruka lenyewe. Mgonjwa hulitazama kama vile ni la mtu mwingine. Wengine hucheka, wengine huomba lirudiwe. Nguvu ndogo kabisa inayolifanya dole hilo liruke mara tano katika mapigo kumi ndiyo kizingiti chake, na tiba yote itakayofuata hupimwa kwa kizingiti hicho. Kisha koili husogezwa mbele, nyuma ya paji la uso, masikio huzibwa kwa pamba maalumu, na mapigo huanza kwa mafungu ya sekunde chache yenye mapumziko, yakigonga kama ndege kigogota juu ya mnazi. Ngozi ya kichwa huuma kidogo, na wengine hutoka na maumivu ya kichwa yanayokwisha kwa panadoli.

Kwa nini mapigo hayo yamsaidie mraibu? Hapa inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo mtaani huitwa kwa pamoja “ugonjwa wa unga”. Arosto ni ya mwili: miayo, makamasi, jasho la baridi, vinyweleo kusimama, tumbo kukoroga, mifupa kuuma. Hamu ni ya ubongo, nayo hubaki miezi na miaka baada ya arosto kwisha. Huamshwa na kona ya mtaa, sauti ya rafiki wa maskani, karatasi ya fedha mkononi, hata harufu ya kibiriti. Methadoni huimaliza arosto ikiwa dozi inatosha, na huipunguza hamu bila kuifuta. Tiba ya sumaku, kwa mraibu, inailenga hamu hiyo inayobaki. Maeneo ya ndani kabisa ya ubongo yanayohusika na raha na kemikali yake iitwayo dopamini hayafikiwi na koili ya kawaida, lakini yameunganishwa kwa nyuzi za neva na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kumwambia mtu “ngoja kwanza”. Kwa mraibu wa muda mrefu sehemu hiyo hudhoofika. Wazo la watafiti ni kuiamsha kila siku kwa majuma kadhaa, ili ipate tena nguvu ya kusema ngoja.

Wazo hilo halikutoka hewani. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa kiharusi na majeraha ya ubongo huko Iowa, Marekani, walitoa taarifa ya wavutaji sigara 69 walioumia ubongo. Kati yao 19 walikuwa wameumia sehemu iitwayo insula, iliyojificha ndani, nyuma ya panja la kichwa, ambayo husoma hali za mwili kama vile njaa, kiu na mapigo ya moyo. Katika hao 19, 13 waliacha sigara, na 12 waliacha kwa wepesi wa ajabu, bila kuhangaika wala kurudi nyuma. Mmoja alieleza kwamba ni kama mwili wake ulisahau kuwa unataka sigara. Kuvunjika kwa kiungo kulileta kile ambacho nia na ushauri wa miaka havikukileta. Tangu hapo swali likawa kama inawezekana kuigusa mitandao hiyo ya ubongo bila kuiharibu.

Kwa sigara, jibu limepatikana kwa kiasi fulani, na ninataka ulitazame kwa makini kwa sababu ndilo lenye ushahidi mzito kuliko mengine yote. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilichukua wavutaji 262 katika vituo 14, watu waliokwishavuta kwa wastani wa zaidi ya miaka 26 na kushindwa kuacha mara nyingi. Walitumia koili ya aina ya pekee inayofika ndani zaidi, hadi kwenye insula. Walikwenda kila siku ya kazi kwa majuma matatu, kisha mara moja kwa wiki kwa majuma matatu mengine. Kabla ya kila kipindi waliamshwa hamu kwa makusudi, wakifikirishwa sigara na kuonyeshwa mambo yanayohusiana nayo, ndipo mapigo 1,800 yakafuata. Nusu yao walivalishwa kofia ileile ambayo ilitoa mlio na kuwasha ngozi bila kuugusa ubongo, na hawakujua.

Waliopata tiba ya kweli na kuacha kwa wiki nne mfululizo katika kipindi cha hadi wiki ya 18 walikuwa asilimia 19.4, waliopata ya uongo walikuwa asilimia 8.7. Tofauti hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyoifanya Marekani itoe kibali mwezi Agosti 2020, hata kabla jaribio halijachapishwa jaridani. Lakini igeuze hesabu: katika kila watu watano waliotibiwa kwa mashine bora kuliko zote, wanne hawakuweza kuacha hata kwa wiki nne hizo. Tena angalia hao asilimia 8.7 walioacha kwa kofia isiyofanya kitu. Kutoka nyumbani kila asubuhi, kukaa mbele ya mtaalamu, kulizungumzia tatizo lako kwa majuma sita, hayo peke yake yana nguvu ya kutibu, na mashine kubwa inayogonga kichwani huongeza imani kuliko kidonge. Kwa sababu hiyo ushuhuda wa mtu mmoja kwenye video, hata akilia machozi ya kweli, hautuambii kama aliyemtibu ni sumaku.

Kokeini inatufundisha somo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 2013 maabara moja ya taasisi ya taifa ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani ilionyesha kwamba panya waliokuwa wakiitafuta kokeini hata wakiadhibiwa kwa umeme waliacha baada ya sehemu ya mbele ya ubongo wao kuamshwa. Waliwaamsha kwa mwanga wa leza juu ya chembe zilizobadilishwa kwa uhandisi wa jeni, jambo ambalo hakuna anayemfanyia binadamu kwa ajili ya uraibu. Madaktari wa Padova, Italia, wakaamua kujaribu sumaku kwa watu 32. Nusu walipata sumaku na nusu dawa za kawaida. Matokeo ya mwaka 2016 yalikuwa mazuri mno, na habari zikaenea dunia nzima. Hata hivyo, kila mgonjwa alijua amepata nini. Lilipochapishwa mwaka 2021 jaribio lenye kofia ya uongo, ambamo mgonjwa wala mpimaji hakujua nani amepata ipi, makundi yote mawili yalipunguza kokeini, na tofauti baina yao haikuonekana. Video nyingi zinazozunguka leo zimesimama juu ya habari ya mwaka 2016, na ile ya 2021 haitajwi.

Sasa heroini, ambayo ndiyo iliyokuleta. Tafiti zake za sumaku ni chache na ndogo, na nyingi zimefanyika China, ambako pia wamejaribu sana kwa watumiaji wa methamfetamini. Kwa ujumla zinaonyesha kwamba hamu hupungua baada ya siku kadhaa za tiba. Mimi huzisoma kwa kujizuia. Hamu hupimwa kwa kumwambia mtu aweke alama kati ya sifuri na mia baada ya kuonyeshwa picha za sindano na unga, na washiriki wengi walikuwa ndani ya vituo vilivyofungwa ambamo hata angetaka, unga haupo. Kushuka kutoka sabini hadi arobaini ndani ya ukuta si sawa na kupita kijiweni Mbagala saa kumi na mbili jioni ukiwa na elfu kumi mfukoni. Kibali cha Marekani kwa upande wa uraibu ni cha sigara, na hakihusu heroini.

Kwa watumiaji wa heroini kipo kifaa kingine kilichopata idhini Marekani mwaka 2017, ambacho huvaliwa nyuma ya sikio kwa siku tano na kutuma umeme mdogo kwenye neva za hapo kupitia visindano vidogo. Kazi yake ni kupunguza makali ya arosto kwa mtu anayeacha, na idhini ilitokana na wagonjwa 73 ambao hawakulinganishwa na kundi jingine. Mdogo wako hana arosto, kwa hiyo kifaa hicho hakimhusu. Nimekitaja kwa sababu matangazo hukichanganya na sumaku ya ubongo kana kwamba ni kitu kimoja.

Vilevile kuna mikanda ya kichwa yenye betri na sponji za maji ya chumvi, inayopitisha mkondo dhaifu wa milliampea moja au mbili kwa dakika ishirini hivi, na ambayo huuzwa mtandaoni kwa bei ya simu ya kawaida. Watafiti wanaichunguza kwa dhati, lakini matokeo yake kwa uraibu yanapingana. Msimnunulie akajiwekee chumbani. Sponji ikikauka huunguza ngozi.

Kuhusu usalama, ajali inayoogopwa katika tiba ya sumaku ni degedege. Hutokea kwa nadra sana, chini ya mtu mmoja katika elfu, lakini hesabu hiyo imetokana na wagonjwa waliochujwa. Watumiaji wetu wa unga wana mambo ambayo mchujo wa harakaharaka huweza kuyakosa. Wengi huchanganya na valiamu au tramadoli. Tramadoli hushusha kizingiti cha degedege, na valiamu hufanya hivyo inapoachwa ghafla. Pombe ni hivyohivyo. Tena wengi wamewahi kupigwa na wananchi wenye hasira, wakazimia, na hakuna aliyewapiga picha ya kichwa. Nikimuuliza kijana wa maskani kama aliwahi kuumia kichwa husema hapana. Nikimuuliza kama aliwahi kukamatwa na kuku au simu ya mtu, ananionyesha kovu. Zaidi ya hayo, mwenye chuma ndani ya fuvu au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa hapaswi kusogezwa karibu na koili, na mwenye kifaa cha kuongoza moyo asipelekwe bila daktari wa moyo kuridhia.

Kwa hiyo, dada, kiwanja kibaki. Kama baadaye itatokea nafasi ya kushiriki utafiti halali, ambao mgonjwa halipi, methadoni yake inaendelea, na anafuatiliwa kwa miezi kadhaa kwa vipimo vya mkojo badala ya kuulizwa tu anajisikiaje, nitakuwa wa kwanza kumwandikia barua. Na ile kliniki ya video mnaweza kuiuliza maswali mawili tu: wagonjwa wangapi wa heroini waliowatibu walikuwa na mkojo safi baada ya miezi sita, na walilinganishwa na akina nani. Wakijibu kwa kutuma video nyingine, mmejibiwa.

Linalonishughulisha zaidi katika barua yako ni kule kuteleza, kwa sababu huenda kuna jambo la kurekebisha hapahapa. Dozi ya methadoni inayomshikilia mtu kwa kawaida huwa kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, na wengi wanaoendelea kuteleza wamesimama chini yake, ama kwa sababu kliniki ilipandisha taratibu ikaishia njiani, ama kwa sababu mgonjwa mwenyewe aliomba asipandishwe akidhani dozi ndogo ni dalili ya kupona. Muulize anahisi nini usiku. Miayo na makamasi vikianza saa nne usiku, wakati dozi yake ni saa mbili asubuhi, basi dawa haifiki asubuhi, na anachokiita hamu ni arosto iliyovaa kanzu.

Muulize pia kama ameanza dawa yoyote nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini livunje methadoni upesi mno, na mtu aliyekuwa ametulia huanza kuumwa ndani ya wiki moja au mbili bila kujua kwa nini. Efavirenzi, iliyokuwa katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi, hufanya vilevile. Dawa hizo zisiachwe, kwani kinachorekebishwa ni dozi ya methadoni. Nimewahi kumwona kijana aliyefukuzwa nyumbani kwa tuhuma za kurudia unga, kumbe alikuwa mwezi wa kwanza wa dawa za TB na hakuna aliyeiambia kliniki ya methadoni.

Kama dozi inatosha na dawa nyingine hakuna, basi hiyo ni hamu kweli, na hamu ina ratiba. Kaeni naye mwandike siku alizoteleza katika miezi mitatu iliyopita: ilikuwa siku gani, saa ngapi, alikuwa na nani, alikuwa na kiasi gani mfukoni. Mara nyingi hujitokeza siku ya malipo, au siku ya ugomvi nyumbani. Mshauri wa kliniki anaweza kufanya kazi na karatasi hiyo kuliko na maneno “anateleza mara mbili tatu”. Waombeni pia maelezo kuhusu naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa, kwa maana kuchanganya kete na methadoni kunaweza kumzimisha, na mtakaokuwa karibu ni nyinyi.

Kliniki za methadoni zipo nchini tangu Muhimbili ilipofungua ya kwanza Februari 2011, na wauguzi wa dirishani wameona mengi. Jumatatu fuatana naye. Subirini hadi foleni ipungue, anywe dozi yake na maji mbele ya muuguzi kama kawaida, kisha mwombeni awapangie daktari siku hiyohiyo, mkimwambia mambo matatu: dozi yake ya sasa, saa ambayo miayo huanza, na dawa zote anazomeza.